Madole Gumba Arobaini na Moja

Saa tano usiku, wodi ya wanaume, Naryn.
Theluji imeziba dirisha hadi nusu.
Nilikipiga picha kidole gumba cha mguu wa kushoto
cha mzee Ysmaiyl, mchunga farasi,
kimekauka, cheusi, kama zabibu iliyosahauliwa mfukoni,
nikairusha kundini.

Kundi letu lina watu mia na ishirini,
wauguzi wanafunzi, mwaka wa pili,
tuliotawanywa mabondeni
tangu chuo kilipoishiwa makaa ya kupasha madarasa joto.
Mapigo ya moyo tumeyasikilizia spika ya simu.
Kufunga bendeji tumefunzwa na video ya dakika nne
inayokwama kila mkono wa mwalimu unapofika kwenye fundo.
Fundo lile sijaliona hadi leo.
Nimelibuni.

Basi picha ikaenda,
na madole gumba yakaanza kuchipuka chini yake:
moja la Osh, manne ya Talas,
moja la Meerim, anayepiga deki hospitali ya Moscow
na kusoma masomo yetu ndani ya treni ya chini ya ardhi.
*Huo ni uozo mkavu. Mmepima sukari?*
*Gusa mguu wa pili, kama nao una baridi.*
Nikagusa. Ulikuwa na baridi.
Nikaandika daftarini, nikajiona daktari.
Nikahesabu madole: arobaini na moja.

Saa sita na robo ukaja ujumbe wa mwalimu,
haukupita kundini, ulinijia kwa mlango wa nyuma:
*Begimai, jibu lako ni sahihi.
Mwenye kidole alikubali?*

Mwenye kidole alikuwa amelala.
Nililiinua blanketi
kama mtu anayefunua sufuria ya jirani
aone kumepikwa nini.

Kufuta picha ni kazi ya kidole kimoja. Nikafuta.
Maji yakimwagika hayazoleki, najua,
lakini mwenye ndoo
ana haki ya kuambiwa.

Asubuhi nikampelekea chai ya maziwa na chumvi.
Maneno niliyoyapanga usiku kucha yalinitoroka koridoni.
"Nilipiga picha mguu wako. Nikauonyesha watu. Sikukuomba."
Akanywa. Akanyamaza muda wa kutandika farasi.
"Wangapi?"
"Mia na ishirini."
"Wako wapi?"
Nikamtajia miji, mmoja mmoja.
Akalitazama shuka palipoinuka.
"Moscow! Mimi hata Bishkek sijafika.
Mguu huu umenipita."

Akataka nimsomee walichosema, nami nilikuwa nimekinakili.
Nilipofika *kikatwe mapema, kisipande*
nikakwama kama ile video.
"Soma."
Nikasoma.
"Na hivi vidole ulivyovichora pembeni?"
"Ni dole gumba, baba. Maana yake wamependa."
"Wamependa nini?"

Hapo nje trekta lilikuwa linasukuma theluji.
Nililisikiliza mpaka likaisha barabara.

Alhamisi kidole kikaondoka.
Jumatatu, wakati wa kubadilisha bendeji, akaniita mwenyewe:
"Leo kidonda kisafi. Piga.
Uso usiutie, una madeni Kochkor.
Na yule msichana wa treni,
muulize kama ana viatu vya baridi."

Nikaweka picha: mguu, vidole vinne, mshono mwekundu.
Chini yake nikaandika: *Kwa ruhusa yake.*
Nikaandika na swali lake, neno kwa neno.
Safari hii dole halikuchipuka hata moja.
Dakika zikapita.
Mzee ameegemea mto, jicho kwenye kioo cha simu,
anauliza mbona kimya.

*Meerim anaandika…*

Ikapotea.

*Meerim anaandika…*